Kola Lala

4 Februari

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi sijambo, kazi inaniendea vizuri kuliko nilivyotarajia. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Nakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani kwa sababu simu yangu hupokei tangu Desemba, na ujumbe ninaokutumia husomi. Sijui nimekukosea nini. Nadhani ni shughuli za duka, mashati ya watu ni mengi na wewe ni mmoja.

Bila shaka tangazo umelisikia. Juzi niliingia kwenye lifti, tulikuwa watu sita, na wanne walikuwa wanaimba kwa pua bila kujijua. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba wimbo umemganda kichwani wiki nzima, amejaribu kuufukuza kwa nyimbo za ibada lakini umegoma. Nilitamani nimwambie, "Mama, huo ni wangu." Ofisini sasa wananiita Gundi. Redioni walinihoji nusu saa, nikasema ukweli wangu wote, kwamba ni wimbo alioniimbia mama yangu akipiga pasi nguo za watu. Mtangazaji alifuta machozi.

Sasa sikiliza. Wenye dawa ya panya wanataka tangazo la pili, refu, la televisheni. Wanamtaka Mama mwenyewe, hapo hapo kwenye meza ya pasi, aimbe wimbo mzima, kisha jina la dawa litokee. Tatizo ni moja. Mimi najua beti mbili na ubeti wa tatu hadi pale kwenye chai na mkate. Baada ya hapo sijui, maana nilikuwa nalala kabla haujaisha. Huenda ndiyo sababu haunitoki hata mimi. Unafika kwenye mkate, unakosa pa kwenda, unarudi mwanzo, na mimi nimo kwenye kikao na watu wazima wanazungumza.

Muulize Mama unaishaje, uniandikie. Na umtengeneze kidogo, nywele na nguo. Duka lako nalo litaonekana, kwa hiyo ondoa yale makopo dirishani. Lichukulie kama tangazo la bure.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu Gundi,

Salamu zako zimefika. Mama hajambo, miguu yake haijambo, na mimi ni mzima isipokuwa masikio. Simu yako sipokei kwa makusudi, usije ukadhani ni mtandao.

Unaniuliza kama tangazo nimelisikia. Gari lenu linapita mbele ya duka langu saa tatu, saa sita na saa tisa. Juu yake limefungiwa panya wa plastiki, ukubwa wake kama ndama, kalala chali na miguu yote minne juu. Kipaza sauti kinaimba, "Panya lala, panya lala, kesho hakuna kuamka." Dereva akifika kwetu anapunguza mwendo kwa heshima, kwa kuwa ameambiwa mtunzi ni ndugu yangu. Wiki iliyopita nililimwagia gari hilo ndoo ya maji ya wanga. Akanishukuru, alidhani namwoshea.

Umesoma, umevaa viatu vyenye ncha, umekaa kwenye ghorofa yenye lifti, na akili yako yote ikakutuma uchukue wimbo wa kola ukauwekee panya. Hata huyo panya nadhani amekushangaa.

Hivi unajua kwamba mimi napiga pasi kwa wimbo huo? Hujui, hujawahi kuuliza kazi yangu inafanywaje. Kola ina kitambaa kigumu ndani. Pasi ikikaa pungufu, mikunjo inabaki. Ikikaa zaidi, kola inaungua. Saa ya ukutani haisaidii, maana macho yanatakiwa yawe kwenye kola. Kwa hiyo ubeti mmoja, upande mmoja wa kola, miaka thelathini na saba, na sijawahi kuunguza hata moja. Sasa nikifungua mdomo tu wateja wanacheka, "Hata wewe dobi panya wamekuingia?" Nikaamua kunyamaza. Jumatatu nilinyamaza juu ya shati la mwalimu mkuu, nikahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, na nikamwachia kwenye kola alama ya rangi ya chai. Yeye alisema si kitu, atafunga tai. Mimi nilikaa nyuma ya mapazia ya wateja nikalia kwa hasira, na nakwambia hivyo ili ujue una nini cha kujivunia.

Kuhusu Mama na kamera, jibu ni hapana. Mama hatauimba wimbo huo, wala mwisho wake usimuulize. Ninayo sababu na ninaihifadhi. Makopo yatabaki dirishani.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi nimepona mafua, asante kwa kutouliza. Matusi yako nimeyapokea yote, hakuna lililopotea njiani.

Hapana isiyo na sababu ni ya mtoto wa miaka mitano. Lakini nakujua. Katika kumbukumbu zangu zote za utotoni wewe umesimama mlangoni umenuna. Wenzako walicheza, wewe ulinuna. Nilipopata nafasi ya kusoma mbali, watu walinipongeza, wewe ulininyooshea suruali tatu ukanikabidhi bila neno. Na sasa mdogo wako anajulikana na mama yako ataonekana na nchi nzima, wewe unatetea kola. Kola, Dada. Watu hununua mashati yasiyohitaji pasi siku hizi.

Nitakueleza ninachokumbuka, ili usidhani nauza hadithi ya kutunga. Nimo ndani ya kapu la nguo, lile kubwa la fito. Nguo zimetoka kukauka, bado zina joto la jua. Juu yangu kuna aproni ya bluu yenye mfuko mmoja mkubwa, na mfukoni pegi zinagongana. Kuna harufu ya mkaa na wanga. Kuna mkono uliofungwa kitambaa cheupe, unanipigapiga mgongoni kufuata wimbo. Uso siuoni, na sihitaji kuuona, mtu hamsahau mama yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza duniani na hakuna nzuri kuishinda. Mke wangu alipoondoka nilikaa sakafuni siku tatu nikiimba beti zile mbili na nusu, maana ndani yake kulikuwa na mtu aliyenitaka.

Kwa hiyo usije ukasimama kati yangu na Mama kwa sababu ya uchungu wako. Niambie sababu yako au ukae kando.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa mafua. Mama ni mzima, anakusalimu, hajui ninachokuandikia.

Umeitaka sababu, ipokee kwa mikono miwili. Mama hauimbi wimbo ule kwa kuwa haujui. Ameusikia kwa mara ya kwanza Desemba, kwenye redio, kama wale watu wa kwenye lifti yako. Tulikuwa tunakula. Ukasema kwa ile sauti yako mpya, "Mama yangu aliniimbia." Mama akaweka kijiko chini, akanitazama, akaniuliza, "Ni wimbo gani huo?" Nikamwambia ni wa panya. Hakumaliza chakula, na tangu siku hiyo gari likipita anaingia chumbani.

Ulipokuwa na miaka mitatu Mama aliondoka. Alikwenda kuishi na fundi redio wa mtaa wa pili, wakahama mji. Alikaa miezi kumi na minne. Baba aliwaambia watu kwamba anauguza shangazi yake, na watu wakajibu pole huku wakijua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nguo za wateja zilikuwa zimeshalowekwa kwenye mabeseni asubuhi alipoondoka, na mtu hawezi kurudisha nguo mbichi kwa wenyewe. Baba akanifunga aproni ya Mama, akaikunja mara mbili kiunoni nisiikanyage, akaniwashia pasi ya mkaa. Nikaacha shule muhula mzima, na nilipoirudia nilikuwa nakwenda asubuhi, mchana napiga pasi.

Wiki ya kwanza niliunguza kola tano, halafu nikaunguza mkono. Hicho kitambaa cheupe unachokisifu kwenye barua ni changu, na kovu lake bado ninalo, umbo la pua ya pasi. Kola ya sita nikajitungia wimbo ili nijue muda wa kuinua pasi. "Kola lala, kola lala, moto waja, usikunje." Wewe ulikuwa unalia mchana kutwa ukiita Mama. Nikakutia kwenye kapu. Nilipogundua kwamba wimbo unakunyamazisha, nikakuongezea ubeti wako. Mtoto wa kapu. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mama mzima akuite mtoto wa kapu?

Na pale mlangoni niliponuna nilikuwa nimechoka, ewe bwana mkubwa. Nilikuwa nasubiri ulale niende kuosha vyombo.

Mama alirudi mchana mmoja na sanduku lile lile. Baba alifungua mlango akamwambia, "Maji yapo mtungini." Basi. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikavuliwa aproni. Baba akaniapisha nisikwambie kamwe, akasema mtoto aliyesahau jambo baya ana bahati, tusimharibie. Nimeilinda bahati yako hadi Baba amezikwa. Ungenyamaza ningeilinda hadi nami nizikwe, lakini wewe umeipandisha juu ya gari.

Sasa unataka kumweka mwanamke wa miaka sabini mbele ya taa, umwombe wimbo asioujua, kwa ajili ya mtoto ambaye siku zile hakuwa naye. Afumbue mdomo akose neno, na mpiga picha aseme rudia. Hilo sitaki. Mimi na Mama tuna yetu, na si machache, lakini hilo sitaki.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Mimi ni mzima. Wewe sina hakika.

Nimesoma barua yako mara moja na sitairudia. Nilijua una kinyongo, sikujua kwamba unaweza kumvua nguo mama yako mzazi ili ujivike wewe. Mama aliyejinyima kwa ajili yetu unamfanya kahaba wa fundi redio, kisha wewe unakuwa malaika wa miaka kumi na moja mwenye aproni. Hata kwenye matangazo hatudanganyi namna hiyo. Kovu kila dobi analo.

Nitakuja tarehe 20 Aprili na watu wawili wa kamera. Mama ndiye atakayenijibu. Nikimwuliza mbele yako na akauimba, utafute pa kuficha uso.

Mdogo wako


2 Mei

Dada,

Salamu. Tumefika salama, na mashine zote ni nzima.

Nasubiri barua yako ya kuomba radhi na naona posta imechelewa. Kwa hiyo nakukumbusha kilichotokea, kama umeanza kusahau kwa faida yako. Mama aliketi kwenye meza ya pasi na aproni ya bluu, akaimba beti zote tatu, za kola, kifungo, na mtoto wa kapu. Wewe ulisimama nyuma ya kamera umekunja mikono, umenuna, kama kawaida yako. Nikamwuliza, "Na mwisho, Mama?" Akasema, "Mwisho ni hapo. Hapo ndipo mtoto hulala." Mimi nilitoka nje, nikajifanya naenda kumfukuza dereva wa lile gari, nikalia kando ya ukuta wako wenye ukungu.

Kumbe hauna mwisho. Miaka yote nimeutafuta, kumbe mwisho ni kulala.

Nimejaribu kukuelewa nimeshindwa. Unaishi naye, unamwogesha miguu, na bado ukaweza kuandika mambo yale juu yake. Nyani haoni kundule, wahenga walikuona mapema. Sitakuandikia tena. Mama nitampigia kupitia jirani.

Aliyekuwa mdogo wako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui kama barua hii utaifungua. Kama umeifungua, naomba usiisome mbele ya Mama. Afya yangu si nzuri sana lakini si ugonjwa.

Kabla ya kukata tangazo lazima mtu aitazame picha yote, hata zile sehemu ambazo kamera imeachwa wazi bila mpango. Nilikuwa sijaitazama. Nimefanya hivyo Jumanne, peke yangu, mlango umefungwa.

Kabla ya kila mstari, Mama anageuza macho upande mmoja, pale pale, kisha anaimba. Nyuma yake kuna kabati lako la vioo. Nikaikuza picha. Kwenye kioo kuna mwanamke amekunja mikono, amenuna, na midomo yake inatangulia wimbo kwa neno moja. Nikazisogeza picha hadi kwenye mikono ya Mama, ile sehemu nilipomwomba alipigepige kapu kama zamani. Mikono yote miwili ni laini, haina alama. Halafu kuna ile sehemu nilipotoka nje kulia. Mpiga picha alikuwa anabadilisha taa, mashine inaendelea. Mama anauliza kwa sauti ndogo, "Nimepatia?" Na sauti yako inamjibu, kavu kama unaongea na mteja mwenye haraka, "Kifungo umekiweka mbele ya kola. Akirudi atakuomba urudie, usikosee tena."

Nimeirudisha sehemu hiyo mara nyingi, sikuhesabu.

Wenye dawa nimewaambia picha imeharibika. Wameweka kwaya ya watoto. Redioni sina la kusema bila kumuumiza Mama, kwa hiyo sitasema, na hiyo nayo inanikera, kwamba watu wataendelea kumsifu asiyehusika na wewe utaendelea kuunguza kola. Nilikuita mwongo. Nilikuita mengine pia, yako kwenye karatasi, siwezi kuyafuta. Nimekuwa nikikudharau tangu nipate akili, Dada, na mtu pekee niliyekuwa namlilia sakafuni alikuwa wewe.

Sina haki ya kuomba kitu. Lakini wimbo bado unanizunguka, sasa zaidi, na najua kwamba Mama hakusema kweli kuhusu mwisho. Unaishaje?

Mdogo wako, kama bado nafasi ipo


21 Juni

Mtoto wa kapu,

Marahaba. Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Barua yako ina madoa ya machozi na wino umechuruzika hadi kwenye anwani, mtu mzima unashindwa hata kulia kando ya karatasi.

Usiniombe radhi sana, sikufanya niliyofanya kwa wema. Barua yako ya Machi, ile ya kahaba na malaika, niliiacha mezani makusudi. Nilitaka Mama aisome, imchome. Nilisema moyoni, amebebwa miaka mingi, na abebe na yeye kidogo. Akaisoma. Siku ya tatu alikuja dukani akivuta ile miguu yake, akavuta kiti, akakaa mbele ya meza ya pasi. Akasema, "Nifundishe. Anakuja tarehe ishirini."

Nilimfundisha kwa dharau, sikufichi. Alipokosea sikumrekebisha mara moja, nilimwacha amalize kosa lake lote, halafu nikamwambia aanze tena. Sauti yake ni mbovu, hukuisikia kwa sababu ulikuwa unalia. Alikuwa anakosea mahali pamoja kila siku, kwenye ubeti wako. Akifika kwenye "mtoto wa kapu" anasimama. Nikamwambia, "Mama, kola imeshaungua hapo." Akaniuliza, "Alikuwa analala kwenye mstari wa ngapi?" Nikamwambia kwenye mkate. Akauliza, "Na wewe ulikuwa na nani?" Kulikuwa na mteja mlangoni, nikaenda kumpokea nguo.

Beti nilimpa tatu tu. Wa nne nilimnyima, na ninyi wote wawili niliwanyima, kwa kuwa ule haukuwa wenu. Nilikuwa nauimba wewe ukishalala. Lakini mwanamke yule si mjinga. Mlipoondoka na mataa yenu akaniambia, "Kuna kipande umenificha. Wimbo wa mtu mwenye kazi hauishii kwenye mkate." Nikamwambia. Nakuandikia na wewe, na ukiupeleka kwenye dawa ya mende nitakuja huko kwenye lifti yako na pasi ya moto.

*Kola zote zimelala,*
*na mtoto amelala,*
*pasi nayo imelala,*
*mimi nani anilaze?*

Basi. Ndio mwisho wake, na sasa ukuache uhudhurie vikao vyako.

Mama alipousikia hakuniomba msamaha wala sikumngoja aombe, kwetu sisi maji huwa yapo mtungini. Ila tangu hapo wimbo umemganda. Anauimba akichambua mboga, anauimba bafuni, anauimba gari lenu likipita na kukikosoa kipaza sauti kwa maneno. Ameishi miaka sabini bila kuujua, sasa hauwezi kumtoka. Wateja wanamcheka, yeye anawaambia wao ndio wamekosea, kwamba panya alikuja baadaye. Mimi nimerudia kuuimba. Shati la mwalimu mkuu nimelibadilishia kola bila malipo.

Kuna jambo moja nilikuwa sitaki kukuandikia, lakini nani mwingine atalielewa. Jumapili mchana niliketi kwenye kiti cha wateja kupumzisha mgongo. Duka limefungwa, nguo zimekwisha. Nikafumba macho tu, sikuwa nimelala. Mama alikuwa anakunja mashuka. Akaja akasimama nyuma yangu, akadhani sisikii, akaweka mkono begani na kuanza kupigapiga taratibu. Akaimba kola. Akaimba kifungo, na safari hii mahali pake. Nilitaka nimwambie anapigapiga nje ya mdundo. Akafika kwa mtoto wa kapu na hakusimama, akapita moja kwa moja hadi kwenye chai na mkate. Mimi nikajisemea, ngoja nimsikilize huo wa nne atauimbaje.

Sikuusikia. Nilikuwa nimeshalala.

Dada yako